Safu ya Manufaa: Historia ya Hesabu Utakayopewa Fildi

Tuseme umepata nafasi ya fildi kwenye ofisi ya serikali, au kwenye taasisi ya utafiti inayofanya kazi za serikali. Wiki ya kwanza umeitumia kupiga fotokopi na kuulizwa unasoma mwaka wa ngapi. Wiki ya pili bosi anakuita, anakukabidhi rasimu ya kanuni yenye kurasa kumi na mbili, anakwambia: "Hebu tuandalie athari zake za kiuchumi, Ijumaa tuione." Basi. Unarudi kwenye meza yako, unafungua Excel, unaandika vichwa viwili: GHARAMA upande wa kushoto, MANUFAA upande wa kulia.

Safu ya kushoto inajaa haraka ajabu. Wafanyabiashara watakaoguswa na kanuni wanajua hasara yao mpaka senti ya mwisho. Wana chama, chama kina mhasibu, na mhasibu ameshaandika barua yenye jedwali lililopigwa muhuri. Wewe ni kunakili tu. Safu ya kulia ndiyo kasheshe. Utaandika nini? "Afya bora kwa wananchi"? Shilingi ngapi hiyo? Atakayefaidika ni mtoto ambaye miaka mitano ijayo hataugua, na kwa kuwa hataugua, hatajua kwamba alikuwa augue. Hana chama wala mhasibu, na hakuna barua itakayokuja kutoka kwake.

Makala hii inahusu safu hiyo ya kulia. Ina historia ndefu kuliko tunavyofundishwa darasani, na sehemu yake nzito zaidi imo ndani ya tenki la petroli.

Tuanze mbali kidogo, halafu tutakwenda mbio. Mwaka 1844 mhandisi wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliyekuwa akifanya kazi kwenye idara ya serikali ya barabara na madaraja, alichapisha makala yenye swali ambalo leo linaonekana la kawaida: daraja lina faida kiasi gani kwa umma? Jibu la haraka lilikuwa kuhesabu ushuru unaokusanywa pale darajani. Dupuit akasema hapana. Mtu aliyekuwa tayari kulipa senti kumi akavuka kwa senti moja amepata faida ya senti tisa ambayo haionekani kwenye daftari la ushuru. Na yule aliyeshindwa kulipa hata hiyo moja akabaki ng'ambo, naye ana hasara isiyoandikwa popote. Yaani kuna faida na hasara za kweli ambazo hakuna risiti yake. Ukikumbuka hilo tu katika Dupuit, linatosha kwa leo.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1936, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mafuriko iliyosema serikali kuu ishiriki kwenye miradi ya mito pale manufaa, yawe ya nani, yanapozidi gharama. Wahandisi wa jeshi wakaanza kuhesabu mabwawa kwa mtindo huo. Ni historia yenye vituko vyake, maana mhandisi anayetaka kujenga bwawa hakosi namna ya kukuza manufaa. Lakini hayo yalikuwa mabwawa. Hesabu ilikuwa ya kuamua serikali ijenge nini. Kuhesabu kile ambacho serikali inamkataza mtu kufanya ni jambo lililokuja baadaye, na ndipo petroli inapoingia.

Ukiongea na fundi wa gari yeyote atakueleza injini "kugonga" ni nini. Mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, unasikia mlio kama wa kokoto kwenye kopo, nguvu inapungua na injini inaharibika. Mwaka 1921, kwenye maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo sana cha kiwanja kiitwacho tetraethili ya risasi, mgongo unakoma. Risasi hii ni ile ile ya kutengenezea risasi za bunduki: madini mazito, laini, ya kijivu. Pombe nayo ingeweza kuzuia mgongo, na Midgley mwenyewe aliijaribu. Ila pombe mtu yeyote anaweza kuipika. Tetraethili ilikuwa na hakimiliki, na ilitakiwa kijiko tu kwa galoni.

Sumu ya risasi haikuwa siri. Wachapaji magazeti, wapaka rangi na wafinyanzi walikuwa wameugua kwayo kwa karne nyingi. Mwezi Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza dawa hiyo ya petroli walianza kuona vitu visivyokuwepo na kupagawa. Wengine ilibidi wafungwe kamba. Watano walikufa. Magazeti ya New York yakaiita gesi ya wendawazimu.

Mei 1925 mkuu wa afya ya umma wa Marekani aliitisha mkutano Washington. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu mjadala ule utaukuta ofisini kwako siku yoyote. Upande mmoja walikaa wenye kampuni. Walikuwa na namba: magari mangapi, mafuta kiasi gani yataokolewa, maendeleo gani yatapotea. Upande wa pili walikaa watu kama Dk. Alice Hamilton wa Harvard, bingwa wa magonjwa ya viwandani, na Yandell Henderson wa Yale. Walisema hatari si kwa wafanyakazi watano pekee. Risasi itatoka kwenye bomba la moshi kidogo kidogo, itatua mitaani, na watu watakuja kudhurika taratibu bila kujua nini kimewadhuru. Wakaulizwa: ushahidi uko wapi? Hawakuwa nao. Wangeupata wapi, wakati bidhaa yenyewe ilikuwa imeingia sokoni juzi tu?

Kamati ya wataalamu ilichunguza kwa miezi michache, ikapima madereva na wafanyakazi wa gereji, ikasema kwa wakati huo haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Ikapendekeza pia utafiti uendelee kwa fedha za umma. Sehemu ya kwanza ya ripoti ilitekelezwa mara moja. Sehemu ya pili ilisahaulika, na kwa takriban miaka arobaini utafiti mwingi kuhusu risasi na afya ya binadamu ulilipiwa na wenye viwanda, mtafiti wao mkuu akiwa Robert Kehoe. Msimamo wake ulikuwa kwamba risasi mwilini ni kitu cha asili, na kwamba anayedai ina madhara alete uthibitisho kwanza. Safu ya manufaa ikabaki tupu kwa sababu hakuna aliyelipwa kuijaza.

Aliyeivuruga hali hiyo hakuwa mchumi wala daktari. Clair Patterson alikuwa mtaalamu wa jiokemia aliyepima umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, kwa kutumia risasi iliyomo kwenye vimondo. Kila alipopima, sampuli zake zilikuwa zinachafuliwa na risasi iliyotoka sijui wapi: kwenye vumbi, kwenye nywele, kwenye maji ya maabara. Akalazimika kujenga maabara safi kuliko zote za wakati wake. Kisha akajiuliza uchafu huo umetoka wapi. Mwaka 1965 alichapisha makala akionyesha kwamba risasi iliyo kwenye miili ya Wamarekani ni nyingi mara nyingi kuliko kiwango cha asili. Kehoe alikuwa amelinganisha watu waliochafuka na watu wengine waliochafuka, akaita hali hiyo kawaida.

Halafu yakaja meno. Herbert Needleman, daktari wa watoto, aliwaomba watoto wa darasa la kwanza na la pili wa Chelsea na Somerville, miji iliyo jirani na Boston, wampe meno yao ya utotoni yanapong'oka. Jino ni daftari zuri: risasi iliyoingia mwilini miaka iliyopita imehifadhiwa humo. Matokeo yalitoka 1979. Watoto wenye risasi nyingi kwenye meno, ambao hawakuwa wagonjwa hata kidogo kwa macho, walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, bila kujua nani ana nini, waliwataja kuwa hawatulii na hawafuati maelekezo. (Sisi watoto wetu tunatupa jino juu ya bati. Utafiti huu ungetushinda.)

Wakati huohuo petroli isiyo na risasi ilikuwa tayari inauzwa Marekani, ila kwa sababu nyingine. Kuanzia magari ya 1975, viwanda vilifunga kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, na risasi inakiua kifaa hicho. Kwa hiyo Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lililoanzishwa mwishoni mwa 1970, liliamuru vituo vya mafuta viwe na pampu isiyo na risasi kuanzia Julai 1974. Risasi ikaanza kupungua. Na kwa bahati, kati ya 1976 na 1980 serikali ilikuwa inafanya uchunguzi wa kitaifa wa afya na kupima damu za maelfu ya watu. Wastani wa risasi kwenye damu ulishuka kutoka karibu mikrogramu 15 kwa desilita hadi chini ya 10, yaani upungufu wa kama asilimia 37 ndani ya miaka minne. Ukichora mstari wa risasi iliyotiwa kwenye petroli na mstari wa risasi kwenye damu kwenye karatasi moja, vinafuatana kama mtu na kivuli chake. Hata kwa misimu: kiangazi Wamarekani wanaendesha sana, petroli inauzwa sana, damu inapanda.

Sasa tunafika kwenye hesabu yenyewe, na mwanzo wake una kejeli.

Ronald Reagan aliapishwa Januari 20, 1981. Tarehe 17 Februari alisaini Amri ya Rais namba 12291. Ilisema kanuni yoyote kubwa, hasa yenye athari ya dola milioni 100 au zaidi kwa mwaka kwenye uchumi, ni lazima iambatane na tathmini ya gharama na manufaa, na tathmini hiyo ipitie Ofisi ya Menejimenti na Bajeti ya Ikulu kwanza. Lengo halikufichwa. Serikali mpya iliona kanuni ni nyingi mno na zinabana biashara, na hesabu ilikuwa breki. Miongoni mwa kanuni zilizowekwa kwenye orodha ya kulegezwa ilikuwa ile ya risasi kwenye petroli. Viwanda vidogo vya kusafisha mafuta vililalamika kwamba inawaua.

Ndani ya EPA, kazi ya kuchambua jambo hilo iliangukia kikundi kidogo cha wachambuzi. Mmoja wao, Joel Schwartz, alisomea fizikia. Haikuwa timu ya vigogo. Ni watu wa aina ambayo wewe na mimi tungekutana nao kwenye korido, wana kompyuta, wana takwimu za damu, na wana agizo la kuhesabu. Wakahesabu. Na namba zikakataa kwenda kule zilikotarajiwa. Mwaka 1982 badala ya kulegeza, EPA ikakaza. Kisha Februari 1985 ikatoka tathmini kamili ya kanuni kali zaidi: risasi ishuke kutoka gramu 1.10 kwa galoni ya petroli yenye risasi hadi gramu 0.50 kufikia Julai 1985, na hadi 0.10 kufikia Januari 1, 1986. Karibu asilimia 90 ndani ya miezi michache.

Naomba tukae kwenye jedwali lile kidogo, kwa sababu ndilo darasa. Takwimu ni za mwaka 1986, kwa dola za 1983.

Upande wa gharama: viwanda vya mafuta vitatumia takriban dola milioni 608 kutengeneza petroli yenye ubora uleule bila msaada wa risasi. Wachambuzi hawakuichukua namba hiyo kwenye barua ya chama cha wenye viwanda. Walitumia modeli ya kompyuta ya sekta nzima ya usafishaji mafuta, inayotafuta njia rahisi kuliko zote ya kufikia kiwango kipya. Ukigawa kwa galoni zote zilizouzwa nchini, ni chini ya senti moja kwa galoni.

Upande wa manufaa walianza na jambo ambalo huenda usingelifikiria: matengenezo ya magari. Risasi inaacha masalia yanayokula plagi, mfumo wa moshi na oili. Ukiiondoa, wenye magari wanaokoa kama dola milioni 900 kwa mwaka. Angalia tena: hiyo peke yake inazidi gharama yote. Kabla hata ya kumtaja mtoto mmoja, kanuni imeshajilipa, na wanaolipwa ni madereva walewale waliokuwa wakiambiwa watapandishiwa bei. Kuna pia mafuta yanayookolewa, na hewa safi zaidi kwa sababu madereva wengi walikuwa wanatia petroli ya risasi, iliyokuwa nafuu, kwenye magari yasiyotakiwa kuitumia, na kuua vile vifaa vya kusafisha moshi. Tafuta pesa za aina hii kwanza. Zina risiti.

Kisha watoto: takriban dola milioni 600. Wamepatikanaje? Wachambuzi walihesabu watoto ambao kanuni ingewashusha chini ya mikrogramu 25 za risasi kwa desilita, kiwango ambacho wakati ule kilitumika kusema mtoto ana sumu. Kwa kila mtoto wakaweka gharama ya matibabu na gharama ya kumpa masomo ya ziada ili kufidia kile ubongo uliopoteza. Basi. Hakuna thamani ya maumivu, hakuna mshahara ambao mtoto angekuja kupata, hakuna hofu ya mama. Mtoto mwenye mikrogramu 20 aliingia kwenye jedwali kama sifuri. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo sifuri zile hazikuwa sifuri. Lakini ilikuwa hesabu ya makusudi. Walichukua kila mahali namba ambayo mpinzani hawezi kuicheka.

Mstari mkubwa kuliko yote ulikuwa wa watu wazima: karibu dola bilioni 5.9, kutokana na shinikizo la damu. Utafiti mpya ulionyesha risasi kwenye damu inakwenda na presha, na presha huleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Hapa walihesabu wanaume wa miaka 40 hadi 59 tu, kwa sababu ndio waliokuwa na takwimu za kutosha. Wanawake wote: sifuri. Wazee: sifuri. Lakini ushahidi ulikuwa mbichi, na walijua utashambuliwa, kwa hiyo walitoa majibu mawili. Ukiujumlisha mstari wa presha, faida halisi ni zaidi ya dola bilioni 7. Ukiutoa wote, bado inabaki zaidi ya bilioni moja. Yaani msomaji asiyeamini habari ya presha afute mstari huo, na kanuni bado inasimama.

Mimi nadhani hapo ndipo penye ufundi wa kazi nzima, zaidi ya modeli zao. Amri iliyoandikwa ili kupunguza kanuni ilipitisha moja ya kanuni kali kuliko zote za muongo ule, na wenye kuikataa wakawa hawana pa kushika. Viwanda vidogo navyo havikuachwa hivihivi: viliruhusiwa kununua haki ya kutumia risasi kutoka kwa viwanda vilivyopunguza kuliko ilivyotakiwa, na kwa muda fulani hata kuweka akiba ya haki hizo. Ilisaidia mpito kupita bila kelele nyingi. Januari 1, 1996 petroli ya risasi ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Marekani. Schwartz alikuwa ameshapata tuzo ya MacArthur mwaka 1991.

Sasa, sisi je? Namba za Washington zilikuwepo tangu 1985. Afrika ilikuwa bado inachoma risasi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikiwa wewe una miaka thelathini hivi na ulikulia kando ya barabara kubwa, Dar, Nairobi au Kampala, ulivuta sehemu yako. Kwa nini tulichelewa? Sababu moja ilikuwa viwanda vyetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifunguliwa 1963 kwa teknolojia ya wakati huo, na kwa kiwanda kama hicho risasi ilikuwa njia rahisi ya kupandisha ubora wa petroli. Nyingine ilikuwa hofu kwamba magari yetu ya zamani yatakufa bila risasi, hofu iliyozunguka gereji hadi wizarani na haikutimia. Na nyingine, kwa maoni yangu, ni safu ya kulia. Hakukuwa na vipimo vya damu vya kitaifa. Hakukuwa na meno kwenye makabati. Gharama ilikuwa na anwani pale Changamwe, manufaa hayakuwa na hata sanduku la posta.

Juni 2001 wawakilishi wa nchi 25 za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakakubaliana kuiondoa risasi kufikia mwisho wa 2005. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa Johannesburg, ukaundwa ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi, sekretarieti yake ikawa Nairobi kwenye Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kufikia Januari 2006 eneo lote la kusini mwa Sahara lilikuwa limeacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza akiba yake Julai 2021. Changamwe wenyewe waliacha kusafisha mafuta mwaka 2013.

Kuna mtego mmoja nataka uuone kabla hujaazima jedwali la wenzetu. Watafiti wa baadaye walianza kumpima mtoto kwa mshahara: pointi moja ya akili ikipotea, kipato cha maisha yake kinapungua kwa asilimia fulani. Ni njia nzuri kuliko masomo ya ziada, inakamata mengi zaidi. Lakini ukiileta Temeke na kuweka mishahara ya Temeke, ubongo wa mtoto wa hapa unatoka nafuu mara nyingi kuliko wa mtoto wa Boston, na kanuni ileile inaweza kushindwa hesabu kwetu baada ya kushinda kwao. Fomula haijakosea popote. Ukiitumia, waandikie wasomaji wako wazi kwamba ndivyo ulivyofanya, na weka pembeni idadi ya watoto, bila shilingi.

Siku hizi kazi hii ina msingi wa kisheria hata kwetu. Kenya ina Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013, inayotaka taarifa ya athari iandaliwe pale kanuni inapoelekea kuleta gharama kubwa kwa jamii. Tanzania ilitoa mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama Blueprint, mwaka 2018, uliolenga kufuta tozo na kupunguza mamlaka zinazogongana. Ndiyo maana mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia TBS na TFDA ikawa TMDA. Sifanyi mzaha na mpango kama huo. Mama anayeuza juisi na kulipia vibali vitatu kwa ofisi tatu ana hasara ya kweli. Ila ukisoma nyaraka za aina hii utaona zinahesabu safu ya kushoto kwa ustadi mkubwa, kama ilivyokuwa nia ya ile amri ya 1981.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Nilipokuwa fildi nilipewa rasimu ya kanuni kuhusu ukusanyaji wa betri chakavu za magari. Betri hizo, kama unavyojua, ndani zimejaa risasi. Nilihesabu vizuri gharama za wakusanyaji: kibali, banda lenye sakafu ya saruji, glavu, usafiri. Nilikuwa na risiti za glavu. Kwenye manufaa niliandika sentensi moja: "Manufaa ya kiafya yapo lakini hayapimiki." Msimamizi wangu alisaini, nikapata alama nzuri. Sikumpigia simu daktari hata mmoja, wala sikuuliza kama kuna hospitali yoyote inayopima risasi kwenye damu.

Wakati huo nilikuwa sijasikia habari za Owino Uhuru. Ni mtaa wa Mombasa, si mbali na Changamwe, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukutani kwa nyumba za watu. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi kwenye damu, walipeleka kesi mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na kampuni husika pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Rufaa ikaitengua tuzo hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ushahidi ulioanzisha yote ulikuwa karatasi za maabara zenye mikrogramu kwa desilita, zile zile za jedwali la 1985.

Kwa hiyo ukiwa bado una siku mbili kabla ya Ijumaa, funga kwanza barua ya chama. Tafuta ni nani katika mji wako ana vipimo, vya damu, vya maji, vya ajali, vyovyote vinavyohusu kanuni uliyopewa. Mara nyingi viko kwenye kaunta book ya zahanati, vimeandikwa kwa mkono na nesi.